Ajali ya Tennessee, bima ya Kentucky, mkosaji wa Alabama: uchambuzi wa kisa kimoja cha fidia

Familia moja yenye asili ya Kongo, wakazi wa Louisville katika jimbo la Kentucky, ilikuwa njiani kwenda harusini Nashville, Tennessee, kwa barabara kuu ya I-65. Baba ndiye aliyeshika usukani, mkewe alikaa pembeni yake, na nyuma walikaa mama mkwe na mtoto wa miaka 9. Walikwisha kuvuka mpaka na kuingia kaunti ya Robertson, upande wa Tennessee, magari ya mbele yalipopunguza mwendo kwa sababu ya matengenezo ya barabara. Baba naye akapunguza. Pikapu yenye namba za Alabama haikupunguza, ikawagonga kwa nyuma. Mke alivunjika mtulinga na kufanyiwa upasuaji Nashville. Mama mkwe aliumia shingo na mgongo, akahitaji miezi ya mazoezi ya viungo. Baba aliumia goti na kukosa kazi kwa wiki 7, na mtoto alitoka na michubuko na hofu ya kupanda gari. Askari wa doria wa Tennessee alimwandikia dereva wa pikapu kosa la kufuata gari la mbele kwa karibu mno.

Kisa hiki nimekijenga kuwa mfano, na ndiyo maana wahusika hawana majina; sheria ninazokipimia ni sheria halisi za majimbo matatu. Nimekichagua kwa sababu njia ya Louisville hadi Nashville ni njia ya kila mara kwa watu wetu, ya harusi, misiba, ibada na biashara, na kwa sababu tofauti ya sheria kati ya miji hiyo miwili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Familia hii ilikwenda kwa wakili miezi 13 baada ya ajali. Huo mwezi mmoja uliozidi mwaka ndio kiini cha kisa chote.

Hawakukaa bila kufanya chochote. Waliita polisi, walipiga picha, walikwenda hospitali siku hiyohiyo, na waliijulisha kampuni yao ya bima kesho yake. Kampuni ya bima ya dereva wa Alabama ililipa thamani ya gari lao katika wiki chache, na afisa madai wake akawaeleza kwa upole kwamba suala la majeraha litazungumzwa matibabu yatakapokamilika. Bima yao wenyewe ya Kentucky ilianza kulipa yale malipo ambayo barua za bima huyaita PIP, yaani malipo ya matibabu na mshahara uliopotea ambayo hutolewa bila kuuliza nani mwenye kosa. Hundi ya mwisho ya PIP ilitoka mwezi wa nane. Jirani aliyewahi kugongwa palepale Louisville aliwahakikishia kwamba wana miaka 2 ya kufungua kesi, na kwamba miaka hiyo huhesabiwa kuanzia hundi ya mwisho ya PIP ikiwa hundi hiyo ilitoka baada ya ajali. Jirani huyo alisema kweli kabisa, kwa ajali ya Kentucky. Sheria ya jimbo hilo ya malipo ya ajali za magari ndivyo inavyosema. Kwa hesabu hiyo familia ingekuwa na muda wa kutosha hadi zaidi ya miaka miwili na nusu tangu siku ya ajali.

Tennessee haihesabu hivyo. Kwa mtu aliyeumia mwili, muda wa ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua kesi, katika jimbo hilo ni mwaka 1 tangu siku ya kuumia, muda ulio miongoni mwa mifupi kabisa katika Marekani nzima, na mazungumzo na kampuni ya bima, hata yawe mazuri kiasi gani, hayausimamishi. Afisa madai hana wajibu wa kumkumbusha mdai kwamba mwaka unakaribia kwisha. Barua zake zinaweza kuendelea kuja zikiuliza rekodi za daktari hadi siku ya 365, na barua inayofuata ikawa ya mistari mitatu inayosema kwamba dai limekwisha muda. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa sababu mtu aliyezoea kwamba mazungumzo yenye heshima ni dalili ya nia njema ndiye anayeumizwa zaidi na utaratibu huu.

Swali la kwanza ambalo baba aliliuliza ofisini kwa wakili ni lile ambalo kila mtu angeliuliza: sisi ni watu wa Kentucky, bima yetu ni ya Kentucky, kwa nini tusifungue kesi Kentucky? Njia hiyo ina vizuizi viwili.

Cha kwanza ni mamlaka ya mahakama juu ya mdaiwa. Dereva wa pikapu anaishi Alabama, ajali ilitokea Tennessee, na hakuna alichokifanya Kentucky kinachohusiana na ajali hii. Mahakama ya Louisville haiwezi kumlazimisha kuja kujitetea huko. Wengi hujibu kwamba kampuni yake ya bima ina ofisi Louisville, basi ishitakiwe hiyo. Hoja hiyo iliwahi kufika Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Rush dhidi ya Savchuk, iliyoamuliwa mwaka 1980. Abiria aliumia katika ajali Indiana, baadaye akahamia Minnesota, akataka kumshitaki dereva huko kwa sababu kampuni ya bima ya dereva ilikuwa ikifanya biashara Minnesota. Mahakama ilikataa: kuwapo kwa kampuni ya bima katika jimbo hakumfanyi mteja wake awe chini ya mahakama za jimbo hilo. Kwa upande mwingine, mahakama za jimbo la ajali zina mamlaka juu ya dereva mgeni, na jambo hilo limekubalika tangu kesi ya Hess dhidi ya Pawloski ya mwaka 1927, iliyohusu dereva wa Pennsylvania aliyesababisha ajali Massachusetts. Kwa hiyo dereva wa Alabama anaweza kushitakiwa Tennessee alikogonga, au Alabama anakoishi. Kentucky haimo.

Kizuizi cha pili kingebaki hata kama cha kwanza kisingekuwapo. Kentucky ina sheria inayosema kwamba dai lililozaliwa katika jimbo jingine, likiwa na muda mfupi zaidi huko lilikozaliwa, hufa Kentucky pia muda huo mfupi unapokwisha. Mkazi wa Kentucky hapewi nafuu katika sheria hiyo. Mwaka 1 wa Tennessee ungemfuata baba hadi Louisville.

Tofauti hizi zinatokana na muundo wenyewe wa nchi. Sheria ya madhara ya ajali ni ya kila jimbo, na bima nayo, tangu Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya McCarran-Ferguson mwaka 1945, imeachwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa majimbo. Hata kesi ikipelekwa mahakama ya shirikisho, jambo linalowezekana hapa kwa kuwa wadai na mdaiwa ni wa majimbo tofauti na dai la mke linazidi dola 75,000, jaji wa shirikisho aliyeko Nashville atatumia kanuni za Tennessee zilezile. Kubadili jengo la mahakama hakuongezi siku.

Je, Tennessee imefungwa kabisa? Hapa ndipo ile karatasi ya askari inapopata thamani ambayo familia haikuijua. Sheria ya Tennessee huurefusha mwaka 1 kuwa miaka 2 ikiwa aliyesababisha ajali alifunguliwa shitaka la jinai kwa kitendo hichohicho, na shitaka likaanzishwa na vyombo vya dola ndani ya mwaka mmoja. Yapo maamuzi ya mahakama ya rufaa ya jimbo hilo yaliyokubali kwamba karatasi ya kosa la barabarani inaweza kutosha, lakini hoja hiyo hubishaniwa vikali, na jibu hutegemea aina ya kosa lililoandikwa na namna lilivyoshughulikiwa. Kwa hiyo nakala ya karatasi hiyo, na rekodi ya mahakama ya kaunti iliyoko mji wa Springfield inayoonyesha kama dereva alilipa faini, alikiri au alifutiwa, si makaratasi ya kuwekwa pembeni. Familia ilikuwa na ripoti ya ajali tu, ile yenye mchoro wa magari mawili na mishale, ambamo kosa limetajwa kwa mstari mmoja bila kusema liliishaje. Ripoti pekee haitoshi.

Njia iliyo imara zaidi, kwa maoni yangu, iko mbali zaidi na nyumbani kwao: ni Alabama. Mdaiwa anaishi huko, kwa hiyo mamlaka si tatizo. Alabama hutoa miaka 2 kwa madai ya kuumia kwa uzembe, na mahakama zake kwa kawaida huuchukua muda wa ukomo kuwa jambo la utaratibu, linalofuata sheria ya jimbo la mahakama yenyewe, hali masuala ya nani ana kosa na fidia ni kiasi gani hufuata sheria ya mahali ajali ilipotokea. Mgawanyo huo unaisaidia familia mara mbili. Unawapa miezi 11 zaidi. Pia unawaepusha na kanuni ya Alabama yenyewe ya makosa ya mdai, ambayo ni kali kuliko zote: huko, aliyeumia akiwa amechangia ajali hata kwa sehemu ndogo tu, hapati kitu. Kwa kuwa ajali ni ya Tennessee, kinachotumika ni kipimo cha Tennessee ndani ya mahakama ya Alabama.

Nisieleweke kwamba Alabama ni akiba ya kutegemewa. Ilipatikana kwa bahati, kwa sababu mkosaji alitoka jimbo lenye miaka 2 na linalouchukua muda wa ukomo kuwa jambo la utaratibu. Angekuwa mkazi wa Nashville, mlango huo usingekuwapo, na mke mwenye vyuma begani angebaki na matumaini ya karatasi ya faini peke yake.

Mtoto ana hali yake. Muda wake Tennessee haukimbii akiwa chini ya miaka 18. Mwaka wake 1 utaanza siku atakapofikisha umri huo. Dai la gari nalo lina saa nyingine, miaka 3, ingawa hapa lilikwisha kulipwa. Watu wanne katika gari moja, ajali moja, na saa tatu tofauti.

Sasa suala la kosa. Kampuni ya bima ya pikapu haikukana kwamba dereva wake aligonga kwa nyuma, lakini ilidai kwamba baba alihama njia na kufunga breki ghafla kabla ya eneo la matengenezo, na kwa hiyo ana sehemu ya kosa. Dai hilo lilitoka katika maelezo ya baba mwenyewe, aliyoyatoa kwa simu iliyorekodiwa siku chache baada ya ajali, akiwa anatumia dawa za maumivu, kupitia mkalimani asiyemwona. Hakuwa na wajibu wa kuyatoa. Mkataba wa bima humlazimisha mtu kushirikiana na kampuni yake mwenyewe. Kampuni ya mtu aliyemgonga haina mkataba naye, na anaweza kuiambia kwa adabu kwamba majibu yataandikwa na wakili. Nimeona watu wazima wenye busara wakijibu simu hizo kwa saa nzima kwa sababu tu kukata simu ya ofisi huonekana utovu wa adabu.

Kentucky humpunguzia mdai fidia kwa kiasi cha kosa lake, hata kama kosa lake ni asilimia 90. Atapata 10 iliyobaki. Tennessee, tangu uamuzi wa Mahakama yake ya Juu wa mwaka 1992 katika kesi ya McIntyre dhidi ya Balentine, hupunguza vilevile, lakini mdai mwenye nusu ya kosa au zaidi hupoteza yote. Baba akionekana ana asilimia 20, anapata 80 ya dai lake. Akionekana ana 50, hapati hata senti.

Abiria ndio wenye hali ngumu zaidi, na jambo hili familia haikulifikiria kabisa. Mke, mama mkwe na mtoto hawana kosa lolote. Hata hivyo Tennessee humtoza kila mkosaji sehemu yake tu. Dereva wa Alabama akiwa na asilimia 80 ya kosa, atamlipa mama mkwe asilimia 80 ya hasara yake. Ile 20 inayobaki ni deni la mwenye kosa la 20, yaani mkwewe. Kwa maneno ya wazi, ili mama huyo apate haki yake kamili ilibidi adai pia dhidi ya baba wa familia, kwenye bima ya baba ya kulipa watu aliowadhuru.

Kusikia hivyo, mama mkwe alikataa katakata. Hamshitaki mume wa binti yake. Ninauelewa moyo huo na siudharau. Lakini anayelipa ni kampuni ya bima iliyopokea ada ya kila mwezi kwa ajili hiyohiyo, na sheria ya Kentucky iko upande wa wanafamilia: mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilitamka kwamba kipengele cha mkataba kinachowanyima jamaa wa nyumba moja kinga ya bima ya dereva ni kinyume na maslahi ya umma. Mke anaweza kudai. Mtoto anaweza kudai. Jambo hilihili linamgusa wakili pia, kwani wakili mmoja hawezi kumtetea dereva anayesema hana kosa, na papo hapo akawatetea abiria ambao wangefaidika kosa lake likithibitishwa, bila kuwaeleza wote mgongano huo na kupata ridhaa yao kwa maandishi. Mara nyingi dereva na abiria huhitaji mawakili tofauti. Wakili anayewapokea wote wanne kwa saini moja, dakika kumi baada ya kuwaona, hajawatendea vyema.

Kwa mama mkwe na mke, dai dhidi ya baba lilikuwa limekwisha kufa. Baba ni mkazi wa Louisville, angeweza kushitakiwa Louisville, lakini ile sheria ya kuazima muda mfupi wa jimbo la ajali inamlinda baada ya mwaka 1. Kesi ingefunguliwa Tennessee ndani ya mwaka, na dereva wa pikapu akamtaja baba katika utetezi wake, sheria ya Tennessee ingewapa abiria siku 90 za kumuunganisha baba hata kama mwaka ungekuwa umepita. Nafasi hiyo ilipotea pamoja na ule mwezi wa kumi na tatu.

Upande wa bima yao wenyewe ndio uliokuwa na habari njema zaidi. Imani kwamba bima ya Kentucky haivuki mpaka ni imani potofu. PIP ya Kentucky hufuata gari lenye bima na waliomo ndani yake popote Marekani na hata Kanada. Kiwango cha kawaida ni hadi dola 10,000 kwa kila mtu, na ndani yake mshahara uliopotea hulipwa kwa kikomo cha dola 200 kwa wiki. Baba mwenye wiki 7 nje ya ghala analofanyia kazi alipata kwa hiyo dola 1,400 za mshahara, kiasi kisicholingana kabisa na alichopoteza, lakini kilifika wakati kodi ya nyumba ilipodaiwa. Sheria humruhusu pia aliyeumia kuielekeza kampuni kwa maandishi ni gharama zipi zilipwe kwanza. Mke hakujua. Hospitali ya Nashville ilituma ankara mapema, ikachukua karibu PIP yake yote kwa wiki mbili, ilhali bima ya afya ya kazini kwa mumewe ingeweza kulipa sehemu kubwa ya ankara hiyo. Barua ya nusu ukurasa ingemwachia fedha za mshahara wake mwenyewe.

Kinga ya pili ni ile ambayo barua huiita UIM: kinga unayojinunulia dhidi ya mkosaji ambaye bima yake haitoshi. Dereva wa Alabama alikuwa na kiwango cha chini cha jimbo lake, dola 25,000 kwa mtu mmoja na 50,000 kwa ajali nzima. Kiwango cha chini cha Kentucky ni hichohicho, na cha Tennessee vivyo hivyo. Katika nchi ambamo usiku mmoja wa hospitali unaweza kumeza kiasi hicho, kuendesha gari na kinga hiyo peke yake ni kuwaachia wengine mzigo. Kampuni za Kentucky hulazimika kutoa UIM kwa anayeiomba, na baba alikuwa ameiomba, dola 50,000 kwa mtu na 100,000 kwa ajali. Kwa kuwa ni mkataba uliotolewa Kentucky kwa mkazi wa Kentucky, tafsiri yake hufuata sheria ya Kentucky, popote ajali ilipotokea.

Lakini kinga hii ina sharti moja ambalo limewanyima watu wengi haki. Kabla ya kukubali fedha za mkosaji na kumwachilia, lazima kampuni ya UIM ijulishwe kwa maandishi na ipewe siku 30. Ndani ya siku hizo itakubali, au itatoa yenyewe kiasi kile kilichoahidiwa ili ibaki na haki ya kumdai mkosaji. Kanuni hii ilitokana na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kentucky wa mwaka 1993 katika kesi ya Coots dhidi ya Allstate, na sasa imo katika sheria. Anayesaini bila kujulisha anaipa kampuni yake sababu ya kukataa kulipa.

Na hati ya kusaini ilikuwa imekwisha kufika nyumbani. Mezani kwa wakili, mke aliitoa katika bahasha: ukurasa mmoja, hundi ya dola 3,500 imebanwa juu yake, na katikati sentensi ya mistari tisa isiyo na nukta, inayomwachilia dereva, kampuni yake, na watu wengine wote duniani kutoka katika madai yanayojulikana na yasiyojulikana, ya sasa na ya baadaye. Nafasi ya saini ilikuwa na alama ya wino wa njano. Hakuwa amesaini kwa sababu hakuielewa, na kutosaini huko ndiko kulikookoa sehemu kubwa ya kisa hiki. Karatasi ya kupokea malipo ya gari, ambayo mumewe aliisaini, ilikuwa tofauti: ilihusu mali tu. Ni lazima ithibitishwe neno kwa neno kwamba hati ya gari haikuchanganywa na ya mwili, na wakili alifanya hivyo kabla ya kusema lolote jingine.

Hesabu sasa. Tuseme hasara ya mke, juu ya ile iliyolipwa na PIP, ni dola 120,000. Ya mama mkwe 30,000. Ya baba 20,000. Ya mtoto 2,000. Kosa la baba likikadiriwa asilimia 20, dereva wa Alabama anadaiwa 96,000, 24,000, 16,000 na 1,600. Bima yake ina 50,000 tu. Mke atapata 25,000, ukomo wa mtu mmoja, na 25,000 zitagawanywa kwa watatu wanaodai 41,600 kwa pamoja. Pengo lao la 16,600 litakwenda UIM, na pengo la mke la 71,000 litapata 50,000. Jumla ya UIM ni 66,600, chini ya ukomo wake wa 100,000. Mke bado atapoteza dola 21,000 za kile anachodaiwa dereva wa Alabama. Hesabu hii inaonyesha pia kwamba mabishano ya asilimia 20 hayamgusi mke, kwani fedha zilizopo zinaisha kabla ya kosa la mumewe kuanza kuhesabika. Yanamgusa baba mwenyewe, mama mkwe na mtoto.

Na fedha hizo si zao zote. Hospitali ya Tennessee inaweza kuandikisha haki ya kulipwa kutoka katika fidia, ingawa sheria ya jimbo huizuia isizidi theluthi moja. Mpango wa afya wa kazini ni mgumu zaidi, kwa maana ikiwa mwajiri ndiye anayeugharimia mwenyewe, unatawaliwa na ERISA, sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayosimamia mipango ya mafao ya kazini, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 2013 kwamba maneno ya mpango wenyewe ndiyo yatakayotawala kiasi cha kurudishwa. Wakili lazima auombe waraka kamili wa mpango, si muhtasari wa kurasa nne unaogawiwa wafanyakazi, kwa sababu katika maneno hayo ndimo hupatikana nafasi ya kupunguza. Ada ya wakili, ambayo mara nyingi ni theluthi ya fidia, huja juu ya hayo. Wakili wa Kentucky hawezi kufungua kesi Alabama bila wakili mwenyeji mwenye leseni ya huko. Mawakili wawili hugawana ada ileile, na mteja anapaswa kuuona mgawanyo huo kwa maandishi na kuukubali.

Uhamiaji haukuwa na nafasi katika haya. Mama mkwe, ambaye maombi yake ya kadi ya kudumu yalikuwa bado hayajajibiwa, aliogopa kwamba kudai fidia kungemwekea alama mbaya. Kudai fidia ya kuumizwa ni haki ya aliyeumizwa, raia au si raia, na fidia ya majeraha si msaada wa serikali.

Ushauri ambao familia ilipewa ulikuwa wa mpangilio, na mpangilio wenyewe ndio wenye uzito. Wiki hiyohiyo apatikane wakili wa Alabama, na kesi ya mke, mama mkwe na baba ifunguliwe huko, baba akiwa na wakili wake peke yake, pasipo kungoja matokeo ya mazungumzo yoyote. Siku hiyohiyo iombwe Springfield nakala iliyothibitishwa ya rekodi ya kosa la dereva, ili ikiwa inafaa, kesi ifunguliwe Tennessee pia kabla ya mwaka wa pili kwisha. Barua ya kuijulisha kampuni ya UIM itumwe mara moja, kwa sababu kampuni hiyo itakuwa na hoja kwamba hailipi deni ambalo mkosaji mwenyewe hadaiwi tena kisheria, na kesi iliyo hai Alabama ndiyo jibu la hoja hiyo. Hundi ya dola 3,500 irudishwe bila kuguswa. Dai la mtoto lisiharakishwe, na likifikia makubaliano, yapelekwe kwa jaji ayaidhinishe, na fedha zake ziwekwe kwa jina lake, hata kama ni dola 1,600 tu.

Mama mkwe alikubali kuweka saini yake kwenye madai dhidi ya dereva wa Alabama. Kuhusu ile asilimia 20 ya mkwewe, ambayo sheria ilikwisha kuifunga, alisema afadhali.